Mjadala: Je, mshahara ndio unaomfanya mtu ajitume kazini?

Mtoa mada: Kazi zikizorota, wengi hukimbilia jibu moja: ongeza mshahara. Wengine wanasema mshahara hutuliza manung'uniko tu, ari haitoki hapo. Mnasemaje? Leteni hoja.

Mpiga Hesabu: Pesa tusiibeze. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kule eneo la Detroit, Marekani, kilikuwa na wafanyakazi kama 14,000, lakini kililazimika kuajiri zaidi ya 50,000 ndani ya mwaka huo ili nafasi zisibaki wazi. Januari 1914 malipo yakapandishwa hadi dola 5 kwa siku, takriban mara mbili ya awali, na zamu ikashuka kutoka saa 9 hadi 8. Waliokuwa wakiacha kazi wakapungua mno, utoro nao ukashuka.

Mdau wa Utumishi: Sawa, pesa iliwabakisha. Kubaki na kujituma ni mambo mawili. Mwaka 1991 watafiti Meyer na Allen waliwagawa wanaobaki: yuko anayeipenda kazi, yuko anayehofia hasara ya kuondoka, na yuko anayeona ana wajibu. Huyo wa pili anafika kwa wakati na kumaliza kinachopimwa, ila akisikia beringi ya mashine imeanza kulia ananyamaza mpaka zamu yake iishe. Ukimwongezea mshahara tu, unazidi kumfunga.

Mpiga Hesabu: Na anayelipwa kiduchu ataripoti hiyo beringi? Anayewaza kodi ya nyumba hana nafasi ya kuipenda kazi.

Mlinda Zamu: Jamani, mnabishania kiasi, mnasahau utaratibu. Utafiti wa Jerald Greenberg wa mwaka 1990 uliangalia viwanda viwili vya kampuni moja Marekani, ambako mshahara ulikatwa asilimia 15 kwa wiki 10. Kimoja kiliwaita watu kwenye kikao cha kama saa moja na nusu, wakaonyeshwa hali ya fedha na kujibiwa maswali. Kingine kilitoa taarifa ya dakika 15 basi. Makato yaleyale, lakini wizi ulikithiri zaidi kwenye hicho cha pili.

Sehemu nyingi ari inafia kwenye saa za ziada. Msimamizi anaziandika peke yake, mwisho wa mwezi saa 12 zinageuka 9, na anayeuliza anaitwa mkorofi. Mwaka mzima huyo hutamsikia tena akijitolea kubaki. Mfanyakazi asaini saa zake kila zamu inapoisha, abaki na nakala. Hesabu ibandikwe siku 3 kabla ya malipo, na kosa lirekebishwe hapohapo. "Tutaweka mwezi ujao" ndiyo inayoua imani.

Mtoa mada: Na tathmini ya mwaka?

Mdau wa Utumishi: Ugonjwa uleule. Vigezo vitolewe mwanzoni mwa mwaka kwa maandishi, visizidi 5, na kila baada ya miezi 3 mtu aambiwe amefikia wapi. Akivisikia mara ya kwanza siku anapopewa alama, hata alama nzuri ataiona ya upendeleo.

Mpiga Hesabu: Kwenye saa 12 kugeuka 9 nakubali kabisa. Ila kumbukeni, zile saa 3 zilizopotea nazo ni pesa.