Kititia cha chupa hakizunguki mpaka mtoto akimbie nacho, nimekosea wapi?

MamaWawili: Habari zenu wadau. Watoto wako likizo na huku Kigamboni upepo upo wa kutosha, nikaona siwaachii tivii siku nzima, niwatengenezee kititia, kile kifeni cha kuchezea kinachozungushwa na upepo, nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu nikakata kitako, huku juu nikaichana mapanga nane mpaka karibu na shingo nikayafungua kama ua, kifuniko nikakipigilia msumari kwenye fimbo. Kinapendeza kweli ila ukikichomeka nje kimetulia tuli, mpaka mdogo akimbie nacho ndo kinajigusa. Mkubwa kaniambia mama hilo ni ua siyo feni 😂

fundi_spoku: Mtoto kasema kweli. Mapanga umeyalaza bapa, upepo unayasukuma nyuma tu basi. Kila moja lipinde mshazari kidogo, yote upande mmoja, ukikosea hata mawili yanagombana na wenzao. Halafu hilo tundu, msumari ukibana hakiendi ng'o. Pasha msumari mnene moto utoboe wewe mwenyewe siyo watoto, ekseli, yaani kile kijichuma cha kuzungukia, tumia spoku ya baiskeli, iwe nyembamba kuliko tundu, na kati ya kifuniko na fimbo weka ushanga au kipande cha mrija wa kalamu ya biki ili visisuguane.

mpemba_wa_bara: Mnajitesa na machupa. Sie tulikuwa twafanya kwa ukuti, majani mawili wayapitisha yakae msalaba, wachoma mwiba wa mdimu katikati, mwiba unaingia kwenye kijiti, huyo mbio ufukweni. Ila ukuti uwe mbichi, mkavu unapasuka mkononi.

Bi Mdogo: Na asije mtu akakushauri makopo ya soda kwa watoto wadogo, lile bati linakata vidole kama wembe. Hata plastiki ncha zake zizungushe na mkasi ziwe duara

MamaWawili: Nimerudi!! Tatizo lilikuwa yote mawili, mapanga na tundu. Spoku nimeomba kwa fundi wa hapa mtaani kanipa bure, na saa hizi kinalia vrrr nje mpaka paka hasogei uani. Shida mpya, watoto wa jirani wamefika na chupa sita, na mdogo kasoma hapo kwa mpemba anataka cha ukuti. Nani anakwea mnazi sasa?

mpemba_wa_bara: 😂😂 muulize muuza madafu