Naomba ushauri: nafsi moja inakataa mpango wa usalama

Wenzangu washauri nasaha, hamjambo. Nina mteja wa miaka 26, mkazi wa Kayole, aliyekuwa akitibiwa skizofrenia, ila sasa tunaona ni tatizo la nafsi nyingi (DID), yaani mtu mmoja kuwa na nafsi zaidi ya moja zinazopokezana. Dawa ya haloperidoli ilimkaza shingo tu. Sauti ziko palepale. Anazisikia ndani ya kichwa, zikibishana, na saa nzima nzima humpotea: anakuta ujumbe wa M-Pesa wa nauli aliyolipa bila kukumbuka.

Kwenye DES, dodoso la maswali 28 la kupima jinsi akili inavyojitenga na kumbukumbu au nafsi yake, alipata wastani wa 47 kati ya 100. Kuanzia 30 ni dalili tu, si utambuzi, kwa hiyo tulifanya mahojiano kamili. EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) haikuonyesha kifafa, ila EEG moja safi haitoshi. Ya pili, ya usingizini, imeagizwa.

Tuko hatua ya kwanza, ya kumtuliza. Kumbukumbu za utotoni hatujazigusa, maana kuzifungua mapema kunaweza kuzidisha kujidhuru. Akili ikianza kumpotea, kutaja vitu 5 anavyoviona kunamrudisha polepole. Kushika barafu kunamrudisha haraka zaidi.

Tatizo ni nafsi inayojiita Mlinzi. Haikubali mpango wa usalama (hatua tulizopanga azifuate anapotaka kujidhuru), na ndiyo inayokata mkono, hasa baada ya mikesha ya kukemewa pepo.

Naomba mnisaidie: nizungumze na Mlinzi moja kwa moja, au nipitie kwa mteja ili nisizidi kuzitenganisha nafsi zake? Na mama yake, anayesisitiza maombi, mnamwelezaje hatari ya kukemea bila kuidharau imani yake?