Wilms: mizani imesimama ila mikono inakonda, tumlishe vipi?

Mlezi_wa_zamu
Wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua lishe ya wodi za saratani za watoto. Mtoto ana miaka 4, uvimbe wa figo (Wilms), yuko wiki ya 2 ya dawa za kabla ya upasuaji: vinkristini kila wiki, aktinomaisini wiki ya 1 na ya 3. Mizani inasoma kilo 15 tangu alazwe, ila utepe wa MUAC (wa kupima mzunguko wa mkono) umeshuka kutoka sentimita 12.4 hadi 11.9. Uji anakunywa vikombe viwili kwa siku, akitafuna anashika shavu, na leo ni siku ya tatu hajapata choo. Mama yake anapika jiko la hosteli kwa vitu vya sokoni. Tuanzie wapi?

Lishe_Jikoni
Aminini utepe, mizani inawadanganya. Uvimbe wa Wilms unaweza kufika kilo moja na zaidi, na mizani haijui kutenganisha uvimbe na nyama ya mtoto. Kwa chini ya miaka 5, sentimita 11.5 hadi 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, chini ya 11.5 ni mkali. Huyu kabakiza milimita nne. Mbonyezeni na nyayo pia: dole gumba likiacha shimo miguu yote miwili, ni utapiamlo mkali hata kama utepe unasoma vizuri.

Sasa huo uji. Gramu 50 za unga kwa nusu lita ya maji, kikombe cha mililita 200 kina kama kcal 70. Vikombe viwili, 140. Mtoto wa kilo 15 anahitaji kama 1250 kwa siku bila kuhesabu ugonjwa. Na tumbo lililobanwa na uvimbe halina nafasi, kwa hiyo msimwongezee vikombe, ongezeni kilichomo ndani ya kikombe:

maji mililita 250, maziwa yaliyochemshwa 250, unga vijiko 8 vya chakula (gramu 80 hivi), karanga zilizosagwa vijiko 2, mafuta ya kupikia kijiko 1, sukari vijiko 2.

Hapo kikombe kilekile kinabeba kama kcal 280. Tatizo: utakuwa mzito, kijiko kinasimama, na mwenye taya linalouma hataugusa. Dawa yake ni kimea cha ulezi. Epueni sufuria, acheni uji upoe mpaka kidole safi kivumilie kwa shida, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, funika dakika 10. Utalegea wenyewe bila tone la maji. Ukikitia uji ukiwa bado unatokota hakifanyi kazi, moto unaua kimeng'enya kinacholegeza uji. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena dakika chache, maana kimea huja na vijidudu vyake. Kimea cha mtama sishauri, chipukizi zake zina sayanidi.

Karanga zichambuliwe moja moja. Iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Babu_Tiba
Sukari ondoeni kabisa, kansa inakula sukari. Mpeni juisi ya rozela na bitiruti aongeze damu.

Lishe_Jikoni
Mzee wangu, kwa heshima, hapana. Mtoto akinyimwa sukari na wanga, mwili unavunja misuli utengeneze sukari yake wenyewe, na huko ndiko mkono unakoishia. Rozela inajaza tumbo tu, na bitiruti mbichi kwa mtoto ambaye chembe zake nyeupe za damu, za kinga, zitashuka ni kumwitia kuhara.

Nesi_Onko
Shavu na choo, vyote viwili vinaelekea kwenye vinkristini: inaleta maumivu ya taya na inapunguza mwendo wa utumbo. Siku tatu bila choo mwambieni daktari leo, aandike laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Msimwekee bomba wala kidonge njia ya haja kubwa, kinga ikiwa chini mchubuko mdogo unaingiza bakteria kwenye damu. Tumbo likivimba ghafla na anatapika, msisubiri raundi ya asubuhi.

Utepe ukigusa 11.4 suala si la hosteli tena. Maziwa ya tiba, yale maalumu ya utapiamlo mkali, yataanza polepole chini ya uangalizi, kwa sababu mwili uliokonda ukilishwa kwa pupa, fosfeti na potasiamu (madini ya damu) hushuka na moyo unaweza kusimama. Na daktari anahitaji kujua hali ya lishe kwa ajili ya dozi pia: utafiti wa Malawi uliochapishwa 2010 ulikuta watoto wenye Wilms kubwa na utapiamlo wanachelewa kuondoa vinkristini mwilini. Kwa sababu hiyohiyo, akitoka utando mweupe mdomoni msinunulie dawa ya fangasi dukani, baadhi zinaongeza makali ya vinkristini.

Siku ya dawa msimpe chakula anachokipenda. Akikitapika, atakichukia miezi.

Mlezi_wa_zamu
Asanteni sana. Mama anapika sufuria moja asubuhi anaiweka hadi jioni, inafaa? Na Plumpy'Nut, ile pakiti ya chakula cha tiba cha karanga, akipewa?

Nesi_Onko
Haifai. Uji ukimaliza saa mbili nje ya jokofu, basi, unamwagwa. Apike nusu ya kipimo, mara mbili au tatu kwa siku. Au chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, uji uingie ukitokota na unywewe ndani ya saa nne.

Plumpy'Nut pakiti ya gramu 92 ina kcal 500, alambe kidogokidogo kutwa nzima, na maji ya kunywa pembeni kila mara, la sivyo choo kitazidi kuwa kigumu. Vidonda vikitoka mdomoni itamganda, mrudishieni uji wa kimea uliopoa. Chini ya nusu ya mahitaji kwa siku tatu mfululizo, ombeni mpira wa puani. Uji wa karanga usipite humo, unaziba. Ni maziwa tu, na mililita 10 za maji safi kila baada ya mlo.

Mlezi_wa_zamu
Utepe tupime lini tena?

Lishe_Jikoni
Kila wiki, siku ya vinkristini kabla ya sindano. Mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono uning'inie. Apime mtu yuleyule, na utepe usikaze mpaka ngozi ikunje.