Mzee ana saratani ya koo hatua ya nne: akatwe zoloto (kisanduku cha sauti) au apigwe mionzi?

Kitindamimba: Wakuu, habari zenu. Mzee wangu sauti ilikuwa inakwaruza muda mrefu, tukajua ni mafua. Wamekata kinyama wakapima: saratani ya zoloto, imeshatoboa gegedu (mfupa laini wa zoloto) na tezi moja ya shingo imevimba. Mapafu safi. Daktari anataka kutoa zoloto lote, mionzi ifuate. Mzee kagoma, bora afe na sauti yake. Ndugu wanasema ipo mionzi pamoja na kemo (dawa za saratani), hakatwi mtu. Mliopitia, mlifanyaje?

Mgeni Njoo: Pole mkuu. Kama haijafika mapafuni msikate tamaa, hapo bado wanatibu kwa nia ya kuponya.

Nesi Mstaafu: Ndugu wamesema nusu. Kuna utafiti wa Marekani wa 1991: waliopewa kemo kisha mionzi, karibu wawili kati ya watatu walibaki na zoloto, na waliishi sawa na waliokatwa. Ila wenye uvimbe mkubwa wa kutoboa gegedu, zaidi ya nusu waliishia kukatwa tu. Na kumkata mtu aliyekwisha pigwa mionzi, kidonda hufunga kwa shida. Tena zoloto kubaki si lazima lifanye kazi. Wapo wanaopaliwa kila wakimeza.

Domo Kaya: Mimi nilikatwa. Napumulia tundu la shingoni. Nimewekewa kifaa kidogo cha silikoni, nikiziba tundu kwa kidole naongea. Sauti nzito, ila kwenye simu naeleweka. Kero yangu ni makohozi, na kuoga kwa tahadhari maji yasiingie. Mzee akutane na mtu wa namna hii kabla hajaamua.

Nesi Mstaafu: Naongezea: meno yaonwe kabla ya mionzi, maana jino likija kung'olewa baadaye taya huwa gumu kupona. Mionzi ni wiki sita hadi saba, koo linababuka mpaka mate hayamezeki, wengi hulishwa kwa mpira. Wakitaja sisplatini, dawa mojawapo ya kemo, ulizia figo na masikio ya mzee kwanza. Sigara aache, inapunguza nguvu ya mionzi.

Kitindamimba: Anasema kaacha. Shangazi kakuta pakiti chini ya godoro 😩. Domo Kaya, hicho kifaa kinadumu?

Domo Kaya: Miezi kadhaa. Ukiona unakunywa maji unakohoa, kinavuja, unarudi kliniki wanakubadilishia bila hata kulazwa.