Naomba ushauri: chekechea ya mbali yenye jina au ya hapa mtaani?
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Binti yangu anatimiza miaka 4 Januari, tunaishi Segerea, Dar, mimi na mama yake wote kazini ni Posta, katikati ya jiji. Kuna inglishi midiamu moja ipo Mbezi Beach inasifiwa sana ila ada imechangamka na basi lao litampitia saa 11 alfajiri, sasa katoto ka umri huo kalale saa ngapi jamani? Nyingine ipo hapa hapa mtaani, ada kwa awamu, mwalimu nilimkuta kakaa kwenye mkeka na watoto wanaimba, nikaipenda, ila uwanja wa kuchezea hakuna. Waifu anataka ya mbali, anasema akisoma hii ya mtaani, akienda kuanza la kwanza atafeli intavyuu. Mliopitia hili mliangalia nini kwanza? Fomu mwisho wiki ijayo.