Eti kabureta "lazima ikojoe"! Yule fundi wa chini ya mwembe leo kanidhalilisha

NyoaNikuone:
Wakuu, naandika mkono unanuka petroli na saluni kuna wateja wawili nimewaacha nusu kichwa. Mods, msiunganishe huu uzi na ule wa umeme kukatika. Hasira zangu zinajitegemea.

Yule fundi mnamjua. Spana moja, maneno mia. Juzi nimempelekea kijenereta changu, kabureta inadondosha petroli usiku kucha, to, to, to. Akaigonga mara tatu kwa mpini wa bisibisi kama anabisha hodi ukweni, akasema njoo jioni. Jioni nikamwachia elfu thelathini na tano.

Leo umeme umekatika, nafungua koki, haidondoki tena. Inamwagika! Pale chini ungefuga kambale. Napapasa bakuli la kabureta, kidole kinateleza. Sabuni. SABUNI YA MCHE, wakuu, imepakwa mshono mzima kama siagi kwenye mkate.

Nikakitupia begani mpaka kwenye mwembe. Kijiwe kimejaa, bodaboda kama mia nne, mama ntilie naye yupo. Jamaa hata hakunyanyuka. Mdomo umejaa muhogo, akasema: "Bosi, mashine ikinywa lazima ikojoe."

Ikojoe!

Watu walianguka chini. Mama ntilie kamwaga mchuzi. Mtu mzima na ndevu zangu, petroli inanitiririka mgongoni, naambiwa ikojoe. Hela nimesamehe. Sabuni nimesamehe, nitafulia. Ila lile neno, na ule muhogo... Mnielewe, hakuacha hata kutafuna!

KokiImefungwa:
Umebeba petroli inayovuja ukapita nayo kwenye jiko la mkaa la mama ntilie? Wa kukamatwa ni wewe.

BabuSpana:
Kijana, tatizo halipo kwenye mshono. Petroli inapanda kupita kiasi kwa sababu sindano ya boya, ile inayoziba njia ya petroli bakuli likijaa, haifungi. Funga koki, fungua bolti ya chini ya bakuli, mara nyingi ni spana namba 10. Chomoa pini, boya litatoka na sindano yake. Litikise sikioni, ukisikia petroli inacheza ndani, limetoboka. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara, imekwisha, nunua nyingine. Safisha na kiti inapokaa, chembe moja ya mchanga inatosha kuleta mafuriko. Halafu nusa oili kabla hujawasha. Ikinuka petroli, mwaga uweke mpya, la sivyo utaua injini.

MzeeWaKavu:
Babu umeandika kama mtihani wa VETA. Sisi tunauliza: muhogo wa kukaanga au wa kuchemsha?

NyoaNikuone:
Wa kukaanga. Wenye pilipili. Na alipomaliza kusema ikojoe akajifutia mafuta kwenye tangi la jenereta langu.

BabuSpana:
Oili umenusa?

NyoaNikuone:
Babu, niache kwanza. IKOJOE!

Kipara_Upande:
Mimi ni mmoja wa hao nusu kichwa. Bado nimekaa hapa na shuka shingoni. Acha kuchati, tafuta hata mkasi.

MzeeWaKavu:
Hahahaaa nimekufa mie. Tupia picha mkuu.

Kipara_Upande:
Picha unilipie wewe? Saa kumi natakiwa kwenda kutoa posa.

BintiWaTandale:
Nyie mna bahati, fundi wenu kajibu. Wangu wa nguo nimempa kitenge tangu Februari, nikipiga simu anapokea mtoto: "Baba kasema hayupo."

KokiImefungwa:
Wa nguo ndio kiboko. Mimi suruali ya harusi ya mdogo wangu nimeikuta ameivaa yeye, yuko nayo kwenye bonanza.

BintiWaTandale:
Ilimkaa?

KokiImefungwa:
Inaniuma kusema. Ilimkaa kuliko mimi.

NyoaNikuone:
Jamani, uzi ni wa kabureta.

MzeeWaKavu:
Tulia mkuu, kwanza tumalize la suruali. Ulimvua palepale au ulisubiri mpira uishe?

KokiImefungwa:
Nilisubiri. Alikuwa golikipa.