"Unalilia maiti?" Ndivyo nilivyojibiwa leo na huyu daktari wetu wa meno

Wakuu, bado natetemeka. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Jino langu la mbele lilitibiwa mzizi, likaja kuwa jeusi kama sufuria ya kuni. Akasema analing'arisha kwa ndani: akatoboa kwa nyuma, akajaza dawa, akaziba, rudi wiki ijayo. Mara 4 nimepanda bodaboda toka Nkuhungu! Likawa jeupe hadi umeme ukikatika unaweza kulisomea gazeti. Kwamba limebaki ganda tu, hakusema.

Jana nakula ugali wa mtama kwa mlenda. MLENDA, wakuu! Kitu kinachojiteremkia chenyewe. Kap! Limekatika usawa wa fizi. Nikalitemea kiganjani, jeupe, lina tundu kama filimbi.

Leo nimempelekea limefungwa kwenye leso. Akalichungulia, akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, hili lilishakufa zamani. Unalilia maiti?" Wakacheka! Hadi mzee aliyevimba shavu akacheka! Pesa ya kumpamba maiti mbona aliipokea? Unalilia maiti. Mimi!

MtotoWaKongwa: Mlenda 1, jino 0.

Bibi_Mswaki: Pole mama. Jino lililotolewa neva limeshachimbwa, kuta zake nyembamba. Ile dawa ya kung'arishia, peroksaidi, ikiwa kali na ikirudiwarudiwa, inalegeza dentini, yaani sehemu ngumu iliyo chini ya ganda la nje la jino. Tena ukimaliza kung'arisha unasubiri kama wiki 2 ndipo lizibwe kwa kudumu, maana oksijeni iliyobaki humo inazuia gundi kushika. Wewe alikuziba lini?

Mleta uzi: Siku ileile! Halafu ananiambia maiti!

MtotoWaKongwa: Tanga la marehemu linaanuliwa lini?

Mnyaturu_OG: Mnalia na jino moja? Sisi Singida maji ya visima yenye floraidi yametuchora meno yote kahawia tangu utotoni. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji, WHO wanasema hatari. Dada zetu wanacheka wameziba mdomo kwa kanga.

ZabibuTamu: Afadhali nyie. Fundi cherehani wa Majengo anakaa na kitambaa changu cha sendofu tangu Pasaka. Bibi harusi sasa ana mimba!

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye jino.

Dereva_AreaD: @ZabibuTamu, yule mwenye baiskeli nyekundu? Ana suruali yangu!

ZabibuTamu: Huyohuyo! Kesho saa 3 tukutane mlangoni kwake.

Mnyaturu_OG: Nami nakuja, ana koti la baba.